Madungu Yasiyo Kwenye Ramani

Basi la Ifakara liliondoka Mbezi kabla ya jua kuchomoza, na hadi tunafika Kibaha nusu ya abiria walikuwa wamelala. Jirani yangu hakulala. Alikuwa mama wa makamo anayerudi Lupiro baada ya kumuuguza binti yake aliyejifungua, na macho yake yalikuwa kwenye karatasi niliyoikunjua magotini: ramani ya malaria ya Tanzania Bara, kila halmashauri na rangi yake.

"Hizo rangi za nini, mwanangu?"

"Za malaria, mama. Kila rangi ni kiwango cha hatari. Kuna chini sana, chini, wastani na juu."

Akaomba nimwonyeshe Ulanga. Nikamwonyesha. Akaipitishia kidole wilaya yake kutoka mpaka hadi mpaka, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Wilaya nzima rangi moja? Mahenge ni mlimani, usiku watu wanajifunika blanketi. Sisi Lupiro tuko kwenye maji. Inakuwaje tukapewa rangi moja?"

Swali hilo ndilo lililonitoa Dar es Salaam, ingawa sikuwa nimewahi kulisikia likiulizwa kwa ufupi namna ile. Nilitaka kuona jinsi ramani ya hatari ya mbu inavyochorwa pale ambapo mbu wenyewe wapo, na nilitaka kujua inamfikia nani baada ya kuchorwa.

Rangi hizo hazitoki hewani. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria hukusanya majibu ya vipimo kutoka sehemu kadhaa: watoto wa shule za msingi wanaotobolewa vidole darasani, wajawazito wanaopimwa wanapohudhuria kliniki, na wagonjwa wa homa wanaofika zahanati. Majibu hayo yakijumlishwa, kila halmashauri hupewa ngazi yake, na siku hizi hesabu hiyo imeshuka hadi kata. Ni hatua kubwa. Mwaka 2007-08 utafiti wa kitaifa ulikuta vimelea vya malaria kwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2017 ikawa asilimia 7, na mwaka 2022 asilimia 8. Ukiishia kwenye wastani huo utasema nchi imepona. Lakini katika utafiti uleule wa 2022, Tabora ilikuwa na asilimia 23, ilhali katika mikoa kama Arusha na Kilimanjaro malaria ni ya nadra. Mzazi wa Tabora hauguzi mtoto wake kwa wastani wa nchi.

Na rangi hizo zinaamua mambo. Kwenye rangi kali, vyandarua hugawiwa hata shuleni. Kwenye rangi hafifu, nguvu inawekwa kwenye kumfuatilia mgonjwa mmoja mmoja. Kwa hiyo kosa la rangi ni kosa la chandarua kisichofika.

Pale Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia, kilichojengwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Cuba. Kinatengeneza dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu majini, inayotokana na bakteria wa asili, na halmashauri zinahimizwa kuinunua. Dawa ni nzuri. Lakini afisa afya anayekabidhiwa madumu yake anahitaji kujua amwage wapi. Halmashauri moja ina mito, mabwawa, visima na majaruba yasiyo na idadi. Bila ramani ya mazalia, dawa inamwagwa pale barabara inapoishia.

Baada ya Chalinze mama alisinzia, nami nikaitazama milima ya Uluguru ikijitokeza upande wa kushoto. Jibu la swali lake lilikuwa limeanza kunijia, na linahusu joto. Mbu anayeeneza malaria ni jike wa Anofelesi, na akinyonya damu yenye vimelea leo hawezi kumwambukiza mtu kesho. Vimelea vina safari ndefu ndani ya mwili wake, kutoka tumboni hadi kwenye tezi za mate. Joto likiwa nyuzi 25, safari hiyo huchukua siku 12 hivi. Likishuka hadi nyuzi 20, inakaribia wiki nne. Kwenye nyuzi 18 inapita siku 50, na mbu wachache mno huishi muda huo. Chini ya nyuzi 16 haikamiliki kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa mlimani, akaona mbu, asiugue, huku ndugu yake bondeni akilazwa kila msimu.

Kwa hesabu ya namna hiyo, mwaka 1999 watafiti watatu wa mradi wa MARA uliokuwa na makao yake Durban, Marlies Craig, Bob Snow na David le Sueur, walichora ramani ya Afrika kwa kufuata joto na mvua tu: wapi malaria inaweza kudumu na wapi haiwezi. Ilikuwa ramani ya uwezekano, na ilisaidia sana wakati nchi nyingi hazikuwa na takwimu za kuaminika. Mwaka 2005 Snow, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, na Simon Hay wa Oxford walianzisha Mradi wa Atlasi ya Malaria. Hao walikusanya maelfu ya vipimo vya damu vilivyowahi kufanywa vijijini, wakaviunganisha na picha za setilaiti zinazoonyesha joto, mimea na unyevu, kisha wakakadiria hali ya mahali ambapo hakuna aliyewahi kupimwa. Leo makao ya mradi huo yapo Perth, Australia, na una tawi Dar es Salaam ndani ya Taasisi ya Afya Ifakara. Ramani zake maarufu zimegawanywa kwa miraba ya kilomita tano kwa tano. Mbu wengi wa malaria humaliza shughuli zao ndani ya kilomita moja au mbili kutoka walipozaliwa. Mraba mmoja, basi, unaweza kumeza vijiji viwili vyenye maisha tofauti kabisa.

Mikumi tuliiacha barabara kuu inayokwenda Iringa tukashika ya kusini. Kidatu tukavuka Ruaha Mkuu, tukaingia kwenye mashamba ya miwa, na kuanzia hapo Udzungwa ikasimama kuliani kwetu mpaka mwisho wa safari. Niliitazama milima ile kwa saa kadhaa. Juu kuna misitu na ukungu. Chini, umbali mfupi tu kwa ndege, kuna mpunga uliosimama majini na joto la kutoa jasho usiku. Mchoraji wa ramani ya hatari hapati somo zuri zaidi ya hilo.

Ifakara ni mji wa vumbi jekundu, baiskeli na mchele mzuri. Ni mji pia ambao historia ya utafiti wa malaria barani Afrika haiwezi kuandikwa bila kuutaja. Miaka ya 1950 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha hapa maabara ndogo ya utafiti, jirani na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko. Maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Miaka ya mwanzo ya 1990 watafiti walipima hali ya kijiji cha Namawala, magharibi ya mji, wakakadiria kwamba mtu mmoja alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea takriban mara 300 kwa mwaka. Fikiria maana yake: karibu kila usiku, kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo.

Mwaka 1996 likaanza jambo ambalo mpaka leo watu wazima wa bonde hili la Kilombero wanalikumbuka: nyumba za vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga ziliandikwa namba, na kila anayezaliwa, anayehama na anayekufa akawa anahesabiwa. Miaka hiyohiyo mradi wa KINET ulisambaza vyandarua vilivyotiwa dawa, vikauzwa kwa jina la Zuia Mbu. Kwa sababu kila nyumba ilikuwa na namba na kila mtoto alihesabiwa, watafiti waliweza kuonyesha bila kubahatisha kwamba uhai wa watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27. Namba iliyoandikwa mlangoni iligeuka ushahidi uliosaidia kueneza vyandarua nchi nzima. Nasema hivi kwa sababu wako wanaodhani kuhesabu na kuchora ni kazi ya ofisini isiyoponya mtu.

Tangu hapo hali imebadilika mno. Katikati ya miaka ya 2010 watafiti walikamata maelfu ya mbu ndani ya mji wa Ifakara wasipate hata mmoja mwenye vimelea vya malaria. Nyumba zimeezekwa bati, madirisha yana nyavu, kliniki zina vipimo na dawa. Ila ukivuka mto Kilombero, habari ni nyingine.

Zamani kuvuka kulikuwa kwa kivuko, na watu wakisubiri nusu siku. Tangu 2018 kuna daraja, limepewa jina la Magufuli, na pikipiki inalipita kwa dakika. Nilivuka asubuhi na timu ndogo ya upimaji: vijana wawili, msichana mmoja mwenye simu iliyopakiwa programu ya kukusanyia takwimu, na dereva ambaye kwa miaka ya kuwabeba watafiti amejua mazalia kuliko wengi wao. Ilikuwa kiangazi. Majaruba yalikuwa yamekauka na kupasuka, ng'ombe wa wafugaji wakitembea humo wakitafuta mabua.

"Mbona mmechagua kiangazi, wakati mbu ni wachache?" niliuliza.

"Ndiyo maana, kaka," msichana alinijibu. "Masika kila mahali ni maji, hujui uanzie wapi. Sasa hivi mbu wamebaki kwenye madimbwi machache. Ukiyajua haya, umewajua wazazi wa mbu wote wa masika."

Mbu waliyemfuata ni Anofelesi funestasi, mdogo, mweusi, mwenye tabia ya kuingia nyumbani usiku mwingi. Katika bonde hili yeye peke yake huchangia zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi ya malaria, hata mahali ambapo idadi yake ni ndogo kuliko ya jamaa zake. Amezoea dawa nyingi za vyandarua. Udhaifu wake uko kwenye malezi: hapendi dimbwi la kwato za ng'ombe wala shimo la siku mbili. Anataka maji ya kudumu, yenye nyasi na kivuli kidogo, kwenye visima vya chemchemi, vidimbwi vinavyobaki kando ya mito, na vijito vya mwendo wa taratibu. Mazalia yake ni machache, hayahami, na yanatafutika. Kwa adui wa namna hii ramani ni silaha.

Kabla ya kwenda majini tulipitia ofisi ya kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amewaita watu wapatao kumi: mabalozi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mvuvi, mama lishe, na bibi mmoja ambaye kila aliyeingia alimwamkia kwanza. Msichana alitandaza mezani picha ya setilaiti ya kijiji iliyochorewa miraba, akagawa kalamu za rangi, akasema maneno machache: "Wazee wangu, mama zangu, tunaomba mtuonyeshe mbu wapo wapi kwa wingi."

Kwa muda hakuna aliyegusa karatasi. Kisha mvuvi akatambua paa la msikiti, mama lishe akatambua mwembe wa mnadani, na ndani ya dakika chache meza nzima ilikuwa imeinamiwa. Walibishana kweli. Balozi mmoja alitaka eneo lake lipakwe rangi hafifu, jirani yake akamkatalia mbele ya watu, "Kwako hapo nyuma kuna kisima cha marehemu mzee, usitufiche." Bibi alisikiliza mpaka wakamaliza, akaomba kalamu ya rangi kali, akaweka alama mahali ambapo pichani hapakuwa na chochote ila kijani.

"Bibi, hapo hapana maji," kijana mmoja alisema kwa heshima.

"Mjukuu wangu, hapo pana maji tangu mimi sijaolewa. Nyasi zimeyafunika."

Njia hii si ya kuwafurahisha wanakijiji tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanyika katika vijiji vya ng'ambo hii ya mto, uliwataka wakazi wapake alama kwenye ramani ya miraba namna ileile, kisha watafiti wakatega mitego kuwahakiki. Mahali walipotaja wenyeji kuwa na mbu wengi, mitego ilikamata mbu wengi. Dar es Salaam nako kuna mfano wa zamani zaidi. Mradi wa kudhibiti malaria mijini, ulioanza mwaka 2004 na kuhusisha kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke, uliwatumia wakazi kuchora kwa mkono mipaka ya maeneo ya wajumbe wa nyumba kumi. Michoro ilipowekwa juu ya picha zilizopigwa kutoka angani, ikaonekana kwamba sehemu kubwa za maeneo yaliyopimwa hazikuwa kwenye mchoro wowote: mabonde, bustani za mchicha, viwanja visivyojengwa. Hapakuwa na mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na aliyekagua. Wenyeji waliwajua watu wao, picha ya angani ilijua ardhi, na mazalia yalikuwa yamejificha katikati ya elimu hizo mbili.

Tulikwenda kwenye alama ya bibi. Njia ilipita kwenye migomba, kisha kwenye matete yaliyotupita kimo. Dereva alitangulia akiyakanyaga. Ghafla mguu wake ukazama, akacheka, na matete yalipofunuliwa tukaona kidimbwi cha ukubwa wa chumba, maji meupe kabisa, nyasi zimeinama pande zote. Kijana alichukua kata nyeupe yenye mpini mrefu, akaizamisha polepole pembeni mwa nyasi, akaiinua, akanipa niangalie.

Mwanzoni sikuona kitu. Kisha kivuli changu kilipopita juu ya kata, vijiti vyembamba vikashtuka vikazama. Tukasubiri. Vikapanda tena kimoja kimoja, vikalala juu ya maji sambamba na uso wake. Kijana akaniambia hiyo ndiyo alama ya Anofelesi. Viluwiluwi wa Kyuleksi, mbu wa vyooni na mitaroni, hawalali, huning'inia kichwa chini. Akawahesabu, akataja idadi kwa sauti, msichana akaiandika kwenye simu, akasubiri mitambo ya angani impe nukta sahihi ya mahali, akabonyeza. Alama ya bibi ikawa na longitudo na latitudo. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, na mimi niliiona kuwa kubwa.

Jioni, tukirudi kwa njia ya mashambani, niliona jambo ambalo tangu siku ile nimelisemea kila ninapopata nafasi. Huku na huko katikati ya majaruba makavu vilisimama vibanda juu ya nguzo, vimeezekwa nyasi, havina ukuta wa maana. Ni madungu. Nilidhani ni ya kufukuzia ndege waharibifu mchana tu.

"Hapana," mwenyekiti alinieleza. "Hapa ndipo watu wanapoishi. Mvua zikianza Desemba familia inahamia shambani. Baba, mama, watoto, kuku. Wanalima, wanapanda, wanapalilia, wanafukuza ndege na nguruwe mpaka mavuno ya Mei, Juni. Kijijini anabaki mzee na wale wa shule, na wengine wa shule nao wanakwenda."

"Na chandarua?"

"Wenye nacho wanakibeba. Ila dungu halina pa kukifunga vizuri, na upepo unakipasua. Tena kilichogawiwa ni cha nyumba, siyo cha dungu."

Basi, miezi ile ambayo mbu ni wengi kuliko yote, watu hawa hawalali pale ramani inapowaweka. Hesabu ya watu ambayo wachoraji huitumia inafuata makazi ya sensa na mapaa yanayoonekana kutoka angani. Dungu la nyasi katikati ya mpunga mbichi halionekani kirahisi, na wakati mwingine picha yenyewe imepigwa kiangazi, wakati dungu halina mtu. Wanaopuliza dawa ukutani wanakwenda nyumbani, wakati mtu yupo shambani. Wapimaji wa shule hawampati mtoto aliyehama na wazazi.

Niliomba kupita zahanati. Mganga mfawidhi, mtu mpole aliyechoka, alinifungulia Kitabu namba 5 cha MTUHA, rejesta ya wagonjwa wa nje. Nilitazama kurasa za miezi ya masika. Kila mstari una jina, umri, makazi, kipimo, majibu. Chini ya makazi, kijiji kilekile kiliandikwa mstari baada ya mstari. Nikamuuliza kama wagonjwa wale walilala kijijini. Akatikisa kichwa. "Wengi wanatoka mashambani, saa tatu, nne za mguu. Lakini ukimuuliza unakaa wapi, atakutajia kijiji chake. Na mimi naandika alichosema."

Hapo ndipo rangi ya kata inapopotoka. Ugonjwa ulioshikwa kwenye dungu lililo karibu na kijito, katika kata nyingine, unaandikwa kwenye kijiji ambacho pengine kimetulia. Halmashauri inapeleka dawa kijijini. Kijito kinabaki.

Sitaki msomaji aelewe kwamba ramani kubwa hazina kazi. Mwaka 2006 wanasayansi wa NASA, miongoni mwao Assaf Anyamba mzaliwa wa Kenya, walitazama joto la bahari, mvua za El Niño na ukijani wa nyika za pembe ya Afrika, wakatoa onyo la homa ya Bonde la Ufa, ambayo virusi vyake huenezwa na mbu na kuua mifugo na watu. Onyo lilitangulia wiki kati ya mbili na sita kabla ya wagonjwa wa kwanza. Mlipuko ulikuja kama ramani ilivyosema: Kenya, Somalia, kisha Tanzania, ambako mwaka 2007 watu 144 walikufa. Ramani ilisema kweli kutoka angani. Kilichokosekana ni njia kutoka kwenye ramani hiyo hadi kwenye zizi la mfugaji.

Na kila mbu anadai ramani yake. Homa ya dengi iliyoitikisa Dar es Salaam mwaka 2010, 2014 na 2019 inaenezwa na Aedesi, mbu wa mchana, anayezaliana kwenye matairi, ndoo na vifuu vya mjini. Mtaa wa rangi hafifu kwa malaria unaweza kuwa mkali kwa dengi. Hilo linahitaji safari yake.

Zanzibar wameonyesha kwamba tatizo la madungu lina dawa. Kule, mgonjwa wa malaria akithibitishwa, taarifa inatumwa kwa simu, na afisa anakwenda hadi nyumbani kwake, anachukua nukta ya nyumba, anapima wanaoishi naye, na anauliza swali moja muhimu: umesafiri wapi siku za karibuni? Kwa swali hilo wanajua ni wagonjwa wangapi wameipata kisiwani na ni wangapi wamekuja nayo kutoka Bara. Najua Zanzibar ina wagonjwa wachache na Kilombero ina wengi. Mganga mmoja hawezi kumfuata kila mgonjwa nyumbani. Lakini kuuliza anaweza. Dalili za malaria hutokea siku saba hadi wiki mbili au zaidi baada ya kuumwa na mbu, hivyo inatosha kumuuliza mgonjwa: wiki mbili tatu zilizopita ulikuwa unalala wapi? Kijijini au shambani? Shamba la upande gani?

Nilimweleza mganga wazo hilo. Alifikiri, akachukua rula, akaonyesha nafasi ya ukingoni mwa ukurasa. "Safu moja inaingia hapa," akasema. "Mkiniletea maagizo, naanza kesho."

Vijana wa upimaji nao walikubaliana na mwenyekiti kwamba ramani ikikamilika nakala moja itarudi ofisi ya kijiji, ibandikwe ukutani, kidimbwi cha bibi kikiwemo, na madungu yachorwe upya kila Januari na mabalozi wenyewe. Mwenyekiti aliwataka wamwandikie ahadi hiyo kwenye daftari la wageni na kutia sahihi. Wakaandika.

Ombi langu ni kwa waganga wakuu na waratibu wa malaria wa Ulanga, Mlimba na Mji wa Ifakara, na kwa wenzao wa kila bonde la mpunga, Rufiji, Usangu na Ruvu. Safu hiyo ya rejesta haihitaji mfadhili wala setilaiti mpya. Inahitaji waraka mmoja kwa zahanati, na unapaswa kufika kabla ya Desemba, maana mvua zikianza familia zinahamia shambani.